Tope la Mahali pa Kuoshea Magari Tulipeleke Wapi?

Ahsante sana, ndugu mwenyekiti. Wazee wangu, vijana wangu, shikamooni na habari za asubuhi. Nimekuja na ndoo. Hili tope nimelichota leo katika shimo la hapa mnapooshea malori. Sogeeni mnuse. Hiyo ni dizeli.

Korosho zikianza kushuka kutoka Newala na Tandahimba, kuanzia Oktoba, malori yanaingia hapa mjini Mtwara yamejaa udongo mwekundu wa kule juu. Udongo wenyewe hauna kosa, ndio tunaopandia mihogo. Kosa liko chini ya gari: oili, grisi, vumbi la breki lenye shaba, matairi yanayolika na kuacha zinki. Chembe laini za udongo hung'ang'aniwa na vitu hivyo. Maji yakitulia yakaonekana meupe, uchafu umehamia kwenye tope.

Mchanga unatua upesi. Udongo laini unaweza kuelea siku nzima na zaidi, ndiyo maana shimo moja halitoshi. Jengeni mawili yanayofuatana, yasakafiwe kwa saruji, na bomba la kutoka shimo la kwanza, mdomo wake ulio ndani ya shimo hilo uangalie chini, kwa sababu oili hukaa juu. Tope likifika nusu ya shimo, zoeni. Mkisubiri, maji yatalibeba.

Sasa mnalizoa, mnalipeleka wapi? Hapa ndipo roho inaponiuma. Mimi mwenyewe niliwahi kumlipa kijana wa toroli alimwage nyuma ya ukuta. Mvua ya kwanza ikalishusha mpaka kisimani kwa jirani. Wengine wanafukia viwanja, wengine wanaweka kwenye mchicha. Jamani, shaba na zinki haziozi! Na mtaro wa Mikindani unaishia kwenye ghuba, pale mama zetu wanapochokoa pweza maji ya bahari yakipwa.

Lianikeni kwanza. Sakafu ya saruji yenye ukingo, mteremko unaorudisha maji shimoni, na juu bati. Bati msilidharau, maana mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba, msimu wa malori ukiwa umepamba moto. Vaa glavu, bonyeza tonge: maji yakichuruzika, bado. Likikauka, muoneni afisa mazingira wa manispaa kabla hamjapakia, awaelekeze dampo litakalolipokea.

Tope la mahali pa kuoshea injini msilichanganye na hili kamwe. Lile lililolowa oili ni taka hatarishi, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka libebwe na mwenye kibali. Liwekeni kwenye pipa lenye mfuniko. Ukimwaga ndoo moja ya hilo kwenye fungu safi, umeharibu fungu lote.

Nimeambiwa shimo la pale mwembeni limejaa tangu juzi. Koleo ninazo mbili, na glavu zipo. Twendeni tukaanze nalo.