Kiti cha mtumba, wewe na mtoto: tunakifufua hatua kwa hatua

Haya jamani karibuni, leo tuna kiti hiki hapa cha mbao, cha mtumba, kimechoka kweli kweli, na fundi wangu mdogo yuko hapa pembeni ameshashika brashi. Weka chini kwanza hiyo brashi mwanangu, rangi ni mwisho kabisa! Na hata nyie mnaotazama nawaambia hivyo hivyo, watu wengi wakipata kiti cha zamani wanakimbilia rangi, halafu wanabaki na kiti kizuri ambacho ukikikalia kinalia ng'wiii na kuyumba.

Tuanze na kukagua. Shika mgongo wa kiti ukitikise mbele nyuma, kulia kushoto. Kikiyumba sawa tu, mara nyingi ni gundi imekufa kwenye viungo, hiyo inatengenezeka. Ila mguu ukiwa umepasuka katikati achana nacho, hiyo si kazi ya kuanzia. Kipindue, uangalie kwa chini: ukiona vitundu vidogo vya duara na kuna unga mwepesi unamwagika ukigonga, hao ni wadudu wa mbao na bado wapo kazini, usikiingize ndani ya nyumba kabisa.

Na hapa nisikilizeni vizuri. Kama kiti ni cha zamani sana na kimepakwa rangi, hasa ile ya tabaka juu ya tabaka inayobanduka, usikipige msasa na mtoto yupo. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, Marekani kwa mfano walizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na vumbi lake likiingia kwa mtoto linaharibu ubongo. Hujui rangi ni ya lini? Tafuta kiti kingine, vipo vingi tu vyenye mbao tupu au vanishi iliyopauka.

Sasa kusafisha, hii mwachie mtoto. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa kilichokamuliwa haswa, maana mbao ikilowa inavimba. Kama kikalio kinatoka, fungua skrubu za chini kwa bisbisi, mpe mtoto azungushe mwenyewe hata akichukua muda, na skrubu zote ziingie kwenye kikopo kimoja, zisitapakae.

Tukija kwenye viungo, hapa ndipo penyewe. Vile vinavyocheza tu ndivyo unavyochomoa, vilivyokaza usiviguse. Kabla hujachomoa, bandika seloteipu ya karatasi pande zote mbili za kiungo, mtoto aandike namba, 1 na 1, 2 na 2, ili baadaye msije mkaanza kubishana mguu upi ulikuwa wapi. Chomoa kwa mkono, kikigoma gonga taratibu na nyundo uliyoizungushia kitambaa.

Ukishachomoa utaona ule ulimi wa mbao, yaani ncha inayoingia kwenye tundu, una gamba la kahawia linalong'aa, basi hiyo ndiyo gundi ya zamani. Ikwangue yote, na ndani ya tundu pia, kwa sababu gundi mpya inashika mbao, haishiki gundi nyingine. Ikiwa ngumu sana chovya kitambaa kwenye siki ya uvuguvugu ukifunge hapo kidogo, italainika, halafu acha mbao ikauke vizuri. Kisu au patasi ni vya mtu mzima, mtoto apewe mswaki wa zamani asugue.

Haya, gundi ya mbao, ile nyeupe. Paka kwenye ulimi na ndani ya tundu, sukuma mpaka mwisho, utaona gundi inatoka vishanga vidogo vidogo kuzunguka kiungo, ikitoka hivyo ujue imejaa ndani. Fundi, futa haraka na kitambaa kibichi! Ikikauka pale itakuja kuacha doa, vanishi haishiki juu yake. Huna klempu, kile kibanio cha kukaza mbao? Zungusha kamba imara kwenye miguu, ingiza kijiti katikati ya kamba usokote mpaka ikaze, kisha kifunge kijiti kisifyatuke. Kabla gundi haijashika simamisha kiti sakafuni pa sawa, hakikisha miguu yote 4 imegusa chini, kama mmoja unaelea kibonyeze sasa hivi maana kesho ni too late bana. Kiache masaa 24. Najua mtoto atauliza kila baada ya dakika 5 kama kimekauka, mwambie bado.

Msasa sasa. Anza namba 120, malizia na 220, namba ikiwa kubwa msasa ni laini zaidi, kama mbao ina makwaruzo mabaya ndio uanze na 80. Fanyia nje, wote barakoa. Sheria ni moja tu, fuata mistari ya mbao, ukikata mistari yale makwaruzo utayaona vizuri sana ukishapaka vanishi. Mtoto mpe sehemu pana, kikalio na mgongo, mfungie msasa kwenye kipande cha mbao kinachoenea mkononi mwake. Kila mkimaliza sehemu apitishe kiganja afumbe macho, vidole vinagundua mparuzo ambao macho hayauoni. Vumbi lote futeni na kitambaa chenye unyevu.

Ndiyo hiyo brashi sasa, njoo! Chukua rangi au vanishi ya maji, haina harufu kali na brashi inaoshwa kwa maji tu. Kwa rangi tanguliza undakoti, ile rangi ya chini ya kuanzia. Chovya nusu ya brashi, futia ukingoni mwa kopo, paka nyembamba. Nyembamba mara 2 au 3 ni bora kuliko nzito mara 1, nzito inatiririka na kuganda michirizi. Anzeni kiti kikiwa kimepinduliwa, miguu kwanza. Katikati ya tabaka pitisha msasa wa 220 kidogo sana, futa, paka tena.

Ikishikika bila kunata usidhani imekomaa, rangi ya maji inaendelea kukaza ndani kwa siku kadhaa, hivyo msikikalie na msirundike nguo juu yake. Gundisha vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu kisikwaruze sakafu, rudisha kikalio na zile skrubu za kwenye kikopo. Anayekaa wa kwanza ni fundi mdogo, hilo tulishakubaliana.