Maji ya Kunywa Nakuru Tuyatoe Wapi?

Asanteni. Nilipewa dakika kumi na itifaki imeshakula nusu, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Kuhusu floraidi, madini yaliyomo kwenye maji yetu, msimamo wangu mnaujua. Inatoka kwenye mawe ya volkeno ya hili Bonde letu la Ufa. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vyetu vingi virefu vinapita hapo. Kwamba ikizidi huleta meno ya kahawia siwafundishi, kila mmoja hapa ana binamu mwenye nayo.

Kinachonichosha ni lile jibu, "Sisi tunachemsha." Chemsha, mama, wadudu wa kipindupindu watakufa. Lakini floraidi si mdudu. Chukua lita 5 zenye miligramu 4 kwa kila lita, jumla 20. Chemsha mpaka zibaki lita 4. Mvuke umeondoka na maji tu, zile 20 zimo sufuriani, sasa ni 5 kwa lita. Umeikoleza! Na githeri je? Iko motoni kwa muda wa saa tatu, maji yanakauka unaongeza, yanakauka unaongeza. Halafu maharagwe yakikataa kuiva unatia magadi, na magadi yenyewe yana floraidi! Sahani hiyo anapewa mtoto wa miaka mitatu, ambaye meno yake ya kudumu bado yanajengeka ndani ya fizi. Namwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa: wazazi wetu si walikula githeri hiyo hiyo? Walikula, mzee wangu, ila wengi waliipika kwa maji ya mto, si ya kisima kirefu.

Sasa hoja yangu, ile ile ya siku zote. Tuache ndoto ya kusafisha maji yote ya mji. Kufua, kupiga deki, choo, kisima kinatosha. Ya kunywa na kupika, mtu hamalizi lita 10 kwa siku. Hizo ndizo za kupigania. Wenye paa, wekeni gata na tangi mkinge maji ya mvua, mwage maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Mpangaji asiye na pa kuweka tangi atumie kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama vile vilivyotengenezwa hapa hapa na Dayosisi ya Kikatoliki. Msikunje pua! Mifupa ikichomwa sawasawa maji hayanuki. Lakini mkaa huo huchoka, na usipobadilishwa umebaki na ndoo ya mapambo.

Bwawa la Itare, lile la kutuletea maji… mwenyekiti anaangalia saa. Ujenzi ulikwama 2018, mnajua. Maji ya mito, ya Turasha na kwingineko, yachanganywe na ya visima: lita 3 zenye 0.5 ukizitia kwenye lita 1 yenye 4, unashuka chini ya 1.5. Vipimo vibandikwe kwa chifu, kila mtu asome.

Klorini? Hapana, mama, nayo haiondoi floraidi.