Kumhesabu Mnyama Usiyemwona

Mwenyekiti, walimu wangu, nanyi wanafunzi mliojaa mpaka mlangoni, asanteni. Nimeombwa nizungumzie vinasaba na idadi ya wanyamapori. Najua wengi wenu mkisikia vinasaba mnamuwaza Mkemia Mkuu na kesi za nani baba wa mtoto. Hamjakosea sana, maana na huku kazi ni kujua nani ni nani. Ila wateja wetu hawaonekani, na damu hawatoi.

Nitakaa zaidi kwa gorila wa milimani. Wamebaki sehemu mbili tu duniani: milima ya Virunga, ambako Kongo, Rwanda na Uganda zinapakana, na msitu wa Bwindi nchini Uganda pamoja na kipande cha Sarambwe upande wa Kongo. Makundi yaliyozoeshwa watu hayana shida. Waongozaji wanamjua kila mmoja kwa mikunjo ya pua yake. Kazi iko kwa wasiozoeshwa. Ukisikia kichaka kinavunjika, ujue wameshakwenda.

Bahati yetu ni kwamba gorila hutandika kiota kipya kila jioni, na mara nyingi huacha kinyesi humo humo kabla ya kuondoka asubuhi. Kwa miaka mingi wahesabuji walifuata njia zao mpaka kwenye viota, wakavihesabu na kupima mabonge. Bonge la upana unaozidi sentimita 7.2, likiwa na nywele nyeupe kiotani, ni la dume mzima mwenye mvi mgongoni. Kati ya 5.5 na 7.2 ni jike au dume kijana. Chini ya hapo ni mtoto. Kiota kimoja, gorila mmoja. Kwenye karatasi hesabu hii haina kasoro.

Mwaka 2006 pale Bwindi wakahesabu viota kama kawaida, lakini safari hii wakachukua na sampuli za kinyesi, zikapimwa Leipzig, Ujerumani, katika Taasisi ya Max Planck ya Anthropolojia ya Mageuzi. Viota vilisema 336. Vinasaba vikasema 302. Sisi Watanzania tunawajua wafanyakazi hewa, majina yanayopokea mshahara na mtu mwenyewe hayupo. Basi Bwindi kulikuwa na gorila hewa 34! Na hakuna aliyedanganya. Kumbe baadhi yao hutandika zaidi ya kiota kimoja kwa usiku mmoja, na kila kiota kiliandikiwa mtu wake.

Vinasaba vinapatikanaje kwenye mavi? Kinyesi kikipita utumboni hubeba seli za ukuta wa utumbo, na nyingi hukaa juu juu ya bonge. Ndiyo maana unachukua kipande cha nje, si cha katikati. Unakiweka kwenye ethanoli kwa siku moja au zaidi kidogo, halafu unakihamishia kwenye chembe za silika zinyonye unyevu wote. Fanya uvivu hapo, uache kichupa kwenye joto la kambi, na maabara itapokea uozo. Nasema hivi kwa sababu vijana wengi wanapenda mashine na kudharau kichupa.

Maabara haisomi vinasaba vyote. Inatafuta sehemu chache ambako herufi, yaani vipande vidogo kabisa vinavyounda vinasaba, mbili au tatu au nne hujirudia mfululizo. Kwa mmoja zinajirudia mara 14, kwa mwenzake mara 17. Kila mnyama ana nakala mbili za sehemu hiyo, ya mama na ya baba. Ukisoma sehemu za kutosha, hata ndugu wa tumbo moja hawafanani.

Lakini vinasaba vya kinyesi ni vichache na vimekatikakatika. Mara nyingine mashine husoma nakala moja na kuikosa ya pili. Hapo gorila yule yule anatokea jana kwa kitambulisho hiki, leo kwa kingine, na gorila hewa amezaliwa tena, safari hii maabara. Dawa yake ni kurudia kusoma sampuli ile ile mara kadhaa kabla ya kuikubali. Ni gharama, na ni kazi ya kuchosha. Anayekuletea hesabu ya vinasaba muulize kwanza alirudia mara ngapi.

Mpaka hapa tumewaondoa waliohesabiwa mara mbili. Wale waliokosekana je? Hapo ndipo unapopita msitu mara mbili. Chukulia mzunguko wa kwanza umepata gorila 100. Mzunguko wa pili umepata 100, na kati yao 80 ni wale wale wa kwanza. Maana yake mzunguko wa kwanza uliwapata wanane katika kila kumi, kwa hiyo msituni wako kama 125. Wapo ambao hukuwaona hata mara moja, na bado umewahesabu. Watoto wachanga hulala na mama zao na kinyesi chao hakipatikani kirahisi, kwa hiyo hao huongezwa kwa makadirio.

Bwindi walipita mara mbili mwaka 2011, wakapata 400. Kutoka 302 hadi 400 kwa miaka mitano! Watu walishangilia, na walikuwa na haki kidogo. Gorila jike huzaa kwa nafasi ya miaka kadhaa. Hawawezi kuongezeka kwa kasi hiyo. Sehemu ya ongezeko ni kuzaliana, na sehemu ni kwamba mzunguko mmoja wa 2006 uliwaacha wengine. Kwa hiyo ukibadili njia ya kuhesabu, usichore mstari mmoja ulionyooka kati ya namba mbili ukauita ukuaji.

Hata hivyo habari ni njema. Sensa ya 2018, ambayo iliingiza na Sarambwe, ilitoa 459. Virunga, iliyokuwa na takribani 250 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa na 480 mwaka 2010 na 604 katika sensa ya 2015 na 2016. Jumla 1,063.

Msitu ukiwa mkubwa kama wa Gabon, huwezi kuumaliza kwa miguu. Utafiti uliotoka 2021 uliwakadiria tembo wa msituni wa nchi nzima kwa vinasaba vya kinyesi: 95,110, kati ya 58,872 na 131,349. Magazeti yalibeba namba ya katikati tu. Mimi naipenda zaidi ile mipaka miwili, kwa sababu inanionyesha ukubwa wa kisichojulikana.

Na mavi ya tembo yana kazi nyingine. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walitengeneza ramani ya vinasaba kwa kinyesi cha tembo wa Afrika, kisha wakalinganisha na pembe zilizokamatwa. Matokeo ya 2015 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya pembe za tembo wa savana walizozipima kutoka shehena za 2006 hadi 2014 zilitoka Afrika Mashariki, hasa Selous yetu na Niassa ya Msumbiji. Hatukuweza tena kusema ni tembo wa jirani.

Wanaotaka kuandika maombi ya fedha wasiniletee vinasaba kwa kila mnyama. Nyumbu wa Serengeti wako uwandani; ndege na kamera zinatosha. Nani ana swali?