Usiguse Pampu: Trekta Kuukuu Inapokosa Dizeli

Ahsante, ndugu mwenyekiti. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Walionisikiliza mwaka jana wanajua nitakachosema, hao waende wakanywe chai. Mliobaki: usiguse pampu. Nimelisema hili Karatu, nimelisema Hanang, leo nalisema hapa Babati, na bado msimu huu nitaitwa shambani nikute pampu imelazwa juu ya gunia kama mbuzi wa sikukuu, vijana watatu wameizunguka, kila mmoja na bisibisi yake.

Nazungumzia hizi Massey Ferguson 135 zetu. Zilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na nyingi zina umri mkubwa kuliko wanaoziendesha. Injini ni Perkins ya silinda tatu, pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli zinazoipuliza ndani ya injini, ni ya kampuni ya CAV. Hiyo ndiyo ninayosema usiiguse. Pampu hiyo inalainishwa na dizeli ileile inayopita ndani yake, haina kingine. Vyuma vyake vya ndani vimesagwa vikakutana hata unywele haupiti. Sasa wewe unaifungulia shambani, upepo wa Oktoba unavuma, halafu unaniambia ilikuwa imekufa. Haikuwa imekufa. Umeiua wewe.

Na mimi niliwahi kuwa wewe. Nilikuwa na miaka 26, fundi wa kujisifu. Mzee mmoja kule Magugu akaniita: trekta yake inalima nusu saa, inaishiwa nguvu, inakohoa, inazima. Ukiiacha ukaenda kunywa uji, ukirudi ukapiga stata inawaka kama haikuwa na kitu. Nusu saa tena, inazima. Nikasema pampu hiyo. Nikaing'oa, nikapanda nayo basi mpaka Arusha nimeifunga kwenye khanga ya mama mwenye nyumba. Ikafunguliwa, ikawekwa kwenye mashine ya kupimia, ikabadilishwa raba. Mzee akauza ndama kulipia. Nikairudisha, nikatega taimingi, yaani wakati wa pampu kupuliza dizeli, ikawaka, watu wakapiga makofi. Nusu saa, ikazima.

Mzee hakusema neno. Alichukua kidumu akasema basi aongeze dizeli. Alipozungusha kifuniko cha tangi, tangi likavuta pumzi: fyuuu! Nimesimama pale na spana mkononi. Chini ya kifuniko kulikuwa na mfuko wa nailoni, ule wa sukari, ameutandika mwenyewe masika yaliyopita ili mvua isiingie.

Kifuniko kile kina tundu la kupumulia. Dizeli ikitoka, hewa lazima ishike nafasi yake. Isipoingia, tangi linakuwa kama chupa ya soda uliyoinyonya mpaka ulimi ukanasa mdomoni mwake. Ukizima injini, hewa inapenya kidogokidogo pembeni mwa nailoni, ndiyo maana ikipumzika inawaka. Dalili zote zilikuwa mbele yangu! Pampu iliyokufa haifufuki eti kwa sababu dereva amekunywa uji. Ndama wa watu kaenda kwa ajili ya mfuko wa sukari, na hela ya ufundi nilikuwa nimeshaila. Nilikuja kuirudisha. Si yote. (Kicheko.) Msicheke, nawajua humu ndani wenye deni kama langu.

Namwona mtu pale nyuma anatikisa kichwa: "Changu hakina nailoni." Sawa. Kina vumbi. Vumbi na dizeli vikikutana kwenye tundu dogo vinaganda kama ukoko. Zibua kwa waya mwembamba. Kama huniamini, lima nusu saa kifuniko ukiwa umekilegeza. Ikiacha kuzima, umeshapata jibu na hujatoa hata shilingi.

Kifuniko kikiwa kizima, unashuka na njia ya dizeli, hatua kwa hatua. Unashuka, huruki! Kwenye 135 tangi liko juu ya injini, dizeli inateremka yenyewe mpaka kwenye fidi pampu, ile pampu ndogo inayoipeleka dizeli kwenye filta na pampu kubwa. Chomoa paipu pale inapoingia fidi pampu, weka kopo. Dizeli inatakiwa itoke mfululizo na iendelee kutoka. Ikianza vizuri kisha ikafifia, kuna uchafu ndani ya tangi unaogelea na kuja kukaa mlangoni. Nimeshatoa humo majani, kipande cha kitambaa, na siku moja karatasi ya peremende. Toa dizeli yote, osha tangi. Kupuliza kwa mdomo ni kuusukuma uchafu nyuma hatua moja, kesho utakuwa umerudi.

"Lakini mzee, dizeli inafika mpaka kwenye filta, nimeiona." Umeiona ikiwa silensa, yaani inaunguruma tu bila kazi, kijana. Injini ikiwa silensa inakunywa kidogo mno, haifiki lita 2 kwa saa. Tia jembe la diski ardhini, inataka mara nne ya hiyo au zaidi. Paipu iliyoziba nusu inatosha kuwashia trekta uani, haitoshi kulimia. Swali si kwamba inafika au haifiki, swali ni inafika ngapi.

Sasa hewa. Njia ikiziba, fidi pampu inavuta kwa nguvu na kunyonya hewa kwenye kila kiungo kilicholegea. Hapo hutaona tone linavuja, maana hakuna kinachotoka, kuna kinachoingia. Na hewa nyingi mnaitia wenyewe siku ya kubadilisha filta. Filta mpya ndani ya boksi inakuja na raba zake. Mnachukua filta, boksi na raba mnawapa watoto wachezee, mnarudisha raba ya zamani iliyokauka kama ngozi ya ngoma. Halafu mnakaza mpaka kikombe cha glasi kinapasuka. Raba mpya, ipake dizeli, kaza kwa kiasi. Hakuna siri nyingine.

Kutoa hewa kuna mpangilio: skurubu ya juu ya filta kwanza, halafu ya ubavuni mwa pampu, halafu ile ya juu ya pampu, mwisho nati za paipu za nozeli huku mwenzako anapiga stata, mafuta yamefunguliwa yote. Pale kwenye nozeli weka mkono mbali, dizeli ile inatoboa ngozi. Na ukipampu kwa mkono ukaona kishikio cha fidi pampu ni chepesi, hakisukumi, usikimbilie dukani. Kemu, kile chuma cha ndani ya injini kinachoisukuma fidi pampu, imesimama vibaya tu. Zungusha injini mzunguko mmoja, jaribu tena.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Oili ya injini ikiongezeka yenyewe kwenye kijiti cha kupimia na inanuka dizeli, ngozi ya fidi pampu imetoboka. Zima hapohapo, usiiwashe tena mpaka ibadilishwe na oili imwagwe. Maji kwenye kikombe cha glasi yanakaa chini, utayaona mstari. Jaza tangi jioni, usilaze trekta na tangi tupu. Kumwagia petroli kwenye eyakilina, kichujio cha hewa, ili iwake, nimeshakataza, sielezi. Na kabla ya yote hayo tazama waya wa kuzimia kama umerudi ndani. Nimesafiri kilomita 40 kwa bodaboda kwenda kuusukuma waya huo kwa kidole gumba. Nililipwa nauli tu.

Nozeli tutazisema siku nyingine. Kuna trekta hapo nje imegoma tangu asubuhi, twendeni. Wewe mwenye spana, unakwenda wapi upande huo? Nimesema tunaanza na kifuniko.