Kabla ya Kusoma Presha ya Moyo, Tazameni Kitanda

Nimeombwa nizungumzie presha za chemba zote nne za moyo. Wanaonijua wanajua sitazimaliza.

Haya. Mgonjwa yuko ICU, anahema kwa shida. Katheta, ule mrija mwembamba wenye puto nchani, imefika kwenye ateri ya mapafu, puto limejazwa, na presha inayosomeka mbele ya puto, ile inayotuchungulishia atria ya kushoto, chemba ya juu, ni milimita 18 za zebaki. Mpaka wetu wa juu ni 15. Daktari kijana kaandika haraka: moyo wa kushoto umeshindwa, aongezewe dawa ya kutoa maji. Nikauliza, nani kapandisha kitanda? Kimya! Muuguzi ndiye aliyejibu: "Mimi, Daktari, tulipobadilisha shuka." Kitanda kimepanda, transdusa, kile kifaa kinachopima presha ya katheta, imebaki palepale kwenye nguzo yake. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6, kwa hiyo kila sentimita 13.6 mgonjwa anazopanda juu ya transdusa, mnajipa milimita 10 za bure. Tukaisogeza ilingane na katikati ya kifua, tukaifungulia hewa, tukaweka sifuri upya. Ikasoma 8. Tatizo lilikuwa mapafuni, na sisi tulikuwa karibu kumkausha mtu wa watu.

Kuna mtu nyuma pale ananicheka: mzee huyu, siku hizi si kuna eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti? Ipo, na ndiyo ianze. Lakini eko inakadiria presha. Inapogongana na unachokiona kwa mgonjwa, utarudi kwenye katheta, na katheta bila sifuri ni porojo.

Pia someni pumzi inapoisha kutoka. Wastani wa mashine muuacheni.

Sasa, atria ya kushoto 20 si lazima ventrikali, chemba ya chini yake, iwe mbovu. Pimeni na ventrikali ya kushoto mwishoni mwa kujaa. Ikiwa 8, hiyo tofauti ya 12 imekwama kwenye vali ya mitrali, mlango kati ya chemba hizo mbili, na kwetu hapo fikirieni kwanza ugonjwa wa moyo wa rumatiki.

Dakika mbili? Basi nakimbia. Presha za kujaa zikilingana kote, shukuni gamba la moyo lililokakamaa, mara nyingi kwa TB. Lakini misuli migumu, kama ile fibrosi ya Uganda, makovu ya ndani ya moyo, huweza kuiga. Mwambieni avute pumzi: presha ya juu ya ventrikali ya kulia ikipanda huku ya kushoto ikishuka, ni gamba, mpigieni mpasuaji. Zikishuka pamoja, ni misuli.