Ushahidi sio wa madaktari peke yao

Wakubwa zangu shikamooni, wauguzi wenzangu na wanafunzi mlioko huko nyuma habari za mchana. Leo naongelea ushahidi, yaani matokeo ya utafiti, na sisi wauguzi kuyatumia wodini.

Mi nitaanzia leba maana huko ndo napajua vizuri. Mama kajifungua, mtoto analia, kondo limetoka, sasa damu imetoka kiasi gani? Tunakadiria kwa macho. Unaangalia mpira wa kitandani, unaangalia vitenge alivyokuja navyo, unaandika kwenye faili mililita 200 umemaliza, wakati damu nyingine imenyonywa na pamba, nyingine imechanganyika na maji ya chupa ya uzazi, nyingine iko chini ya mgongo na mama hujamgeuza. Hakuna jicho linaloweza kupima hapo, liwe la mkunga mzoefu au la mwanafunzi.

Kuna utafiti unaitwa E-MOTIVE, matokeo yalitoka 2023, umefanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, akina mama zaidi ya 200,000. Na wala hawakuleta mashine ya mabilioni. Ni plastiki inawekwa chini ya makalio ya mama, ina mfuko unaoning'inia wenye mistari ya mililita, damu inaingia humo unaisoma. Ikifika 500 hakuna kusubiri, unaanza vyote kwa pamoja, kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, dripu, unatafuta damu inatokea wapi na unaita msaada, yaani sio unafanya kimoja halafu unakaa kuangalia kama kimesaidia. Hospitali zilizofanya hivyo, waliopata madhara makubwa, yaani damu kupita lita moja, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu au kifo, walikuwa asilimia 1.6, zilizoendelea na utaratibu wa kawaida 4.3. Na kati ya waliotokwa damu kupita kiasi, huku waligundulika asilimia 93, kule 51. Jamani, kule karibu nusu ya akina mama waliokuwa wanavuja damu hivyo hakuna aliyejua!

Na anayesoma ule mfuko ni mkunga, sio profesa. Ndo maana nikisikia muuguzi anasema utafiti ni mambo ya madaktari na watu wa masta roho inaniuma kabisa.

Wauguzi wameulizwa sana kuhusu kutumia ushahidi kazini, Afrika na kwingine, na majibu yanafanana: ushahidi wanaupenda, wanaamini unasaidia, ila kwenye kuutafuta, kuusoma na kuutumia maksi zinashuka. Sababu ni zile zile, muda hakuna, makala za kulipia, takwimu hazieleweki, na kubwa zaidi sina mamlaka ya kubadilisha kitu wodini. Hii ya mwisho ndo inatumaliza. Kijana katoka chuo anauliza sista mbona tunafanya hivi, anajibiwa hapa ndo tunavyofanya, baada ya siku chache haulizi tena. Mtazamo wake umeharibikia wodini, mikononi mwetu, wala tusikilaumu chuo.

Kuna wanaosema uzoefu unatosha. Uzoefu nauheshimu sana, hata David Sackett, daktari mmoja wa waasisi wa tiba inayofuata ushahidi, na wenzake 1996 waliweka wazi kwamba ushahidi unaenda pamoja na ujuzi wa mtoa huduma na anachotaka mgonjwa. Ila kumbukeni utafiti wa FEAST, 2011, watoto 3,141 Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo. Wengi tuliamini mtoto mwenye homa kali na mshtuko ukimkimbizia dripu kubwa unamuokoa, kumbe ndani ya saa 48 waliopewa walikufa karibu asilimia 10.6, wasiopewa 7.3. Uzoefu peke yake usingeona hilo, kwa sababu mtoto akifa tulisema ugonjwa ulikuwa mkali.

Sasa makala za kulipia. Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ipo tangu 2002, taasisi za nchi kama yetu zinasoma majarida bure au kwa bei ndogo, kaulizeni maktaba ya hospitali au ya chuo kama wamesajiliwa. Na nyie mainchaji, wasimamizi wa wodi, ripoti ya asubuhi ikiisha tengeni dakika kumi, mara moja kwa wiki inatosha, mtu alete makala moja inayohusu wodi yenu, awe yeyote hata mwanafunzi, muijadili kwa Kiswahili. Mkiona inafaa matroni aipeleke kikao cha menejimenti ikiwa na bei ya vifaa tayari, maana bei ndo watauliza kwanza.

Haya, maswali. Sista pale mbele nimekuona, karibu.