Zahanati Imefungwa, Swali Limeulizwa: Waziri wa Kaunti Atajibu Nini?

ZUHURA: Assalaam aleikum, karibuni tena. Mimi ni Zuhura, niko na kaka yangu Baraka. Leo tuna jambo moja tu mezani: mwakilishi wa wadi hapa Kenya anaposimama katika bunge la kaunti kuiuliza serikali ya kaunti, lile swali linakwenda wapi, na mbona mara nyingi linarudi mikono mitupu.

BARAKA: Ahsante dada. Nianze na nilichokiona kwa macho yangu, maana ndicho kilichonifanya nikusumbue tuzungumze habari hii. Siku moja nilikwenda kukaa kwenye viti vya wageni katika bunge moja la kaunti, sitalitaja. Mwakilishi mmoja, mama wa makamo, alikuwa ameomba taarifa kuhusu zahanati ya wadi yake. Jengo limekwisha, limepakwa rangi, tangi la maji lipo. Mlangoni kufuli. Akina mama wajawazito wanapita hapo hapo wakitafuta boda ya kuwapeleka hospitali ya mbali. Mwenyekiti wa kamati ya afya akasimama na karatasi, maandishi yenyewe hayafiki nusu ukurasa, akasoma: zahanati itafunguliwa hivi karibuni, taratibu zikishakamilika. Akaketi. Spika akamwuliza yule mama kama ameridhika.

ZUHURA: Akasemaje?

BARAKA: Akasema, "Mheshimiwa Spika, nimesikia." Hakusema ameridhika. Alisema amesikia. Wakaendelea na shughuli nyingine. Nilitoka pale moyo umeniuma, kwa sababu yule mama alifuata kanuni zote. Lakini alichouliza ni kwamba angependa kujua zahanati itafunguliwa lini. Na swali kama hilo, "karibuni" inatosha kulijibu.

ZUHURA: Nakuelewa. Ila kuna msikilizaji anajiuliza sasa hivi: mbona alijibu mwenyekiti wa kamati? Waziri wa afya wa kaunti alikuwa wapi?

BARAKA: Ofisini kwake. Na hilo si kosa lake, ndivyo Katiba yetu ya 2010 ilivyopanga. Kifungu cha 179 kinasema gavana anateua mawaziri wake kwa idhini ya bunge la kaunti, kutoka kwa watu ambao si wawakilishi. Waziri hana kiti mle ndani. Mwakilishi anaomba taarifa, Spika anaipeleka kwa kamati husika, kamati inaiandikia wizara, jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Ukienda Zanzibar, Baraza la Wawakilishi, utaona mpango mwingine. Kule mawaziri ni wajumbe wa Baraza lenyewe. Swali likiulizwa, waziri anasimama palepale, halafu linamfuata swali la nyongeza kabla hajaketi vizuri.

ZUHURA: Na lile swali la nyongeza ndilo linalotoa jasho. La kwanza alishaliona, amekaa na maafisa wake, wamempangia maneno. La nyongeza linamkuta peke yake.

BARAKA: Kabisa. Sasa watu wakisikia hivyo wanasema basi mabunge yetu ya kaunti hayana meno. Mimi sikubali. Soma kifungu cha 195. Bunge la kaunti, au kamati yake yoyote, lina uwezo wa kumwita mtu yeyote aje atoe ushahidi au habari. Katika hilo lina mamlaka kama ya Mahakama Kuu: kulazimisha shahidi afike, kumhoji akiwa ameapa, kulazimisha hati ziletwe. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 39, inataja kabisa kwamba kamati inaweza kumtaka waziri wa kaunti afike na ajibu swali lolote kuhusu kazi zake. Kwa hiyo yule mwenyekiti hakulazimika kusoma karatasi ya mtu mwingine. Angeweza kumwita waziri chumba cha kamati, yule mama akaalikwa, akauliza la kwanza, la pili, la kumi.

ZUHURA: Kwa nini hakufanya hivyo?

BARAKA: Wewe unaonaje?

ZUHURA: Mimi nimeishi na jirani aliyekuwa mwakilishi, nikaona mlango wake ulivyokuwa unagongwa kuanzia alfajiri. Huyu anataka karo, huyu ana msiba, wale barabara yao imekatwa na mvua. Yeye hana pesa za barabara. Pesa ziko kwa serikali ya kaunti. Kwa hiyo kila asubuhi anajiuliza: nikimbana waziri wa barabara leo, greda litafika wadi yangu mwezi ujao? Tuwe wakweli, hapo ndipo swali linapolainika. Simtetei, lakini tusiseme ni woga tu. Mtu anayetakiwa kumhoji mwenzake ndiye huyo huyo anayemwomba murram ya barabara.

BARAKA: Na sisi wapiga kura tunasaidia kumlainisha, tunapompima kwa murram peke yake. Hakuna anayemwuliza amesoma ripoti gani ya ukaguzi.

ZUHURA: Haya, turudi kwa yule mama. Tuseme amekuja hapa studio kesho, anasema, Baraka mwanangu, niandikie swali upya. Unaanzia wapi?

BARAKA: Ninaanza na pesa, maana pesa huacha nyayo. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini tarehe ngapi, na mkandarasi gani, kwa kiasi gani. Mpaka leo amelipwa kiasi gani. Na nani alitia saini cheti cha kukamilika kwa kazi. Hapo tayari jibu haliwezi kuwa "karibuni". Litakuwa tarehe, jina na tarakimu.

ZUHURA: Mimi ningeongeza wauguzi. Mara nyingi jengo halifunguliwi kwa sababu hakuna aliyeajiriwa kulifanyia kazi. Wanaoajiri ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na bodi haiajiri mpaka idara iombe. Kwa hiyo ningeuliza: idara ya afya iliiandikia bodi lini kuomba wauguzi wa zahanati hii, iliomba wangapi, na nakala ya barua iko wapi? Kama barua haipo, tumejua. Kama ipo na imekaa mwaka mzima kwenye bodi, pia tumejua, na sasa tunamwuliza mtu mwingine.

BARAKA: Hapo nakupa mkono. Swali zuri linaonyesha mahali faili lilipolala. Kisha usajili: zahanati imeshasajiliwa? Vituo vya afya vinavyotambuliwa viko kwenye orodha kuu ya Wizara ya Afya, kila kimoja na nambari yake. Basi uliza nambari. Kisha dawa: katika bajeti ya mwaka huu fungu la dawa za zahanati hii ni lipi, liko ukurasa wa ngapi? Kama halimo, hata wakikata utepe kesho, muuguzi atakaa na meza tupu.

ZUHURA: Na mwisho tarehe.

BARAKA: Tarehe, na mwenye dhamana. Waziri aseme mlango utafunguliwa tarehe gani na afisa gani atawajibika. Wengi hapa hawaoni sababu, wanadhani ni kumkamia waziri tu. Mabunge ya kaunti yana Kamati ya Utekelezaji. Kazi yake ni kufuatilia maazimio ya bunge na ahadi ambazo serikali imetoa. Sasa ahadi ya "hivi karibuni" kamati itaifuatilia vipi? Itaanza lini kusema imevunjwa? Haivunjiki ile. Lakini waziri akisema tarehe 1 Machi, na maneno hayo yakaingia kwenye kumbukumbu rasmi za bunge, ikifika tarehe 2 mlango umefungwa, kamati ina pa kushika.

ZUHURA: Hilo sikuwahi kulifikiria. Kwa hiyo ukiandika swali unaandika huku unaangalia yule atakayelifuatilia baada ya miezi mitatu.

BARAKA: Ndivyo. Yule mama alipojibiwa "karibuni", siku ile ile swali lake lilikufa. Si kwa sababu jibu lilikuwa uongo. Lilikuwa halina mahali pa kulikamata.

ZUHURA: Nikuulize kuhusu Seneti, lile bunge la taifa linalowakilisha kaunti. Maana watu wengi wanamwona gavana akihojiwa Nairobi kwenye runinga, mbele ya maseneta, na wanadhani huko ndiko kwenye kazi yote.

BARAKA: Seneti ina nafasi yake. Kifungu cha 96 kinaipa jukumu la kusimamia mapato ya kitaifa yanayogawiwa kaunti, na Katiba inasema fungu hilo lisipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Magavana walibisha kwa miaka mingi, wakisema wao wanajibu kwa mabunge yao ya kaunti, kesi zikapanda ngazi baada ya ngazi, mpaka mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikasema gavana hana budi kuitika wito wa Seneti. Asipofika bila sababu, Sheria ya Mamlaka na Haki za Bunge ya 2017 inaruhusu kamati imtoze faini ya hadi shilingi 500,000. Kwa hiyo kule kuna moto. Lakini seneta wa kamati ya hesabu ana kaunti 47 mbele yake. Atauliza kuhusu mamilioni yaliyokosa stakabadhi. Hatajua kwamba kule kwenu kuna mlango mmoja wenye kufuli.

ZUHURA: Na ripoti zenyewe za ukaguzi huwa zimechelewa.

BARAKA: Ratiba kwenye Katiba ni nzuri. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana miezi sita kutoa ripoti, na bunge likishaipokea lina miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Ukienda na kalenda, hoja za mwaka uliopita zingekuwa zimehojiwa kabla mwaka unaofuata haujafungwa. Lakini ripoti zikirundikana, waziri anahojiwa kuhusu pesa zilizotumika wakati wa aliyemtangulia, anasema hakuwepo, na kweli hakuwepo.

ZUHURA: Mimi kuna kitu kinaniumiza zaidi. Tumezoea kupima bunge la kaunti kwa kumng'oa gavana. Embu walianza mapema, Januari 2014, na gavana wao Martin Wambora. Akaja Waititu wa Kiambu, Seneti ikathibitisha kung'olewa kwake Januari 2020. Desemba hiyo hiyo ya 2020 zamu ya Sonko, Nairobi. Nchi nzima inakesha kwenye runinga. Lakini mashtaka yale ukiyasoma, mengi ni mambo ambayo yangeweza kuulizwa mapema, kwenye kamati, yakiwa bado madogo. Zabuni moja. Uteuzi mmoja. Nani aliuliza wakati ule?

BARAKA: Wakati mwingine waliuliza, wakajibiwa nusu ukurasa.

ZUHURA: Basi tumalizie na kitu changu mwenyewe, nataka unisaidie. Kijijini kwa mama mkwe kuna kisima cha kaunti. Pampu iling'olewa, wakaambiwa inakwenda kutengenezwa, haijarudi. Wanawake wamerudi kuchota maji kwenye bwawa pamoja na ng'ombe. Tumeamua kuandika ombi kwa bunge la kaunti.

BARAKA: Mna haki hiyo. Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 15, inamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Na sambamba na ombi, iandikieni idara ya maji kuomba hati chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Inatakiwa iwajibu ndani ya siku 21. Mkipata hati kwanza, mpeni mwakilishi wenu, aingie bungeni akiwa ameshika kitu mkononi.

ZUHURA: Nimeandika rasimu. Sikiliza. "Sisi wakazi tuliotia saini hapa chini tunaliomba Bunge liiulize idara ya maji ni lini pampu ya kisima chetu itarudishwa."

BARAKA: Dada, umeuliza "lini" peke yake.

ZUHURA: Nimelisikia nilipokuwa nasoma. Nishikie kalamu hapo. "...iliondolewa tarehe gani, na afisa gani, kwa hati gani. Ilipelekwa karakana ipi. Gharama ya kuitengeneza ni kiasi gani na imelipwa kutoka fungu lipi..."

BARAKA: "...na nakala za hati hizo ziwasilishwe mbele ya kamati."

ZUHURA: "Ziwasilishwe mbele ya kamati." Haya. Nimwongeze nani, mzee wa kijiji atie saini?

BARAKA: Atie. Na wale wanawake wa bwawani watie kwanza, majina yao yawe juu.